Siku ya Jina Kwenye Dirisha la Tatu

Wiki za zamu ya mchana shuleni, asubuhi nilifuatana na Mama hadi benki, hapa mjini Lom, nikafanya hesabu zangu kwenye kiti karibu na mlango. Mama alihudumia dirisha la tatu, nyuma ya nguzo. Foleni yake ilikwenda polepole. Wazee walimpenda kwa sababu alikagua fomu zao neno kwa neno, tena akawauliza habari za magoti yao.

Mambo yaligeuka serikali ilipoiuza benki kwa wageni, na benki nyingine mbili zikafunguliwa mtaa uleule. Wakubwa wakamtuma Bwana Karadzhov kutoka mji mkuu, Sofia, aje na saa yake ahesabu kila dirisha linahudumia watu wangapi. Karani asiyefikisha watu kumi kwa saa angeachishwa kazi. Baba hakuwa na kazi tangu kiwanda kifungwe, kwa hiyo tulimtegemea Mama peke yake. Niliogopa hadi chai ikanishinda.

Kumbe mpimaji alikuja siku ya jina la Mama, Rangelka. Kwetu, siku ya jina, yaani sikukuu ya mtakatifu ambaye mtu ana jina lake, hakuna anayengoja kualikwa. Wazee wote wangepita kumpongeza, na Mama alishaweka bakuli la peremende mezani. Nikaona maongezi yao yatazidi kuchelewesha foleni yake, nikatoka nje, nikasimama mlangoni.

“Bibi Pena, Mama anaumwa leo. Rudi kesho.”

“Masikini Rangelka. Basi mpelekee banitsa hii niliyooka, ina jibini tele. Na wewe usiimalize njiani.”

Niliwadanganya hivyo wazee kumi na saba. Kisha nikachungulia. Mama alikaa peke yake, bakuli limejaa, na Bwana Karadzhov alikuwa akiandika sifuri. Nilikuwa nimemponza mama yangu mwenyewe.

“Bwana, ni mimi,” nilisema huku nikilia. “Nimewaambia watu anaumwa.”

“Denitsa,” Mama alisema taratibu, “umenifanya mgonjwa siku ya jina langu?”

Bwana Karadzhov aliikunja ile karatasi. “Waite. Tunaanza upya.”

Nikawakimbilia wazee mtaani, nikiwaomba radhi mmoja mmoja. Bibi Pena alirudi akinung’unika. “Mgonjwa gani huyu, mashavu mekundu kama pilipili?”

Saa ilipokwisha, Mama alikuwa amehudumia watu wanane. Nilifumba macho.

“Wanane,” alisema Bwana Karadzhov, akifunua ukurasa mwingine. “Lakini madirisha mengine, watu sita wamerudi kwa sababu fomu zilikosewa. Hapa hajarudi hata mmoja. Nitaandika hilo pia. Mama yako atabaki, na fomu za wazee zitaanzia kwake.”

Kisha akanigeukia. “Binti, mizani ukiiwekea kidole, hata kwa mapenzi, inamwibia mtu. Leo ilikuwa imwibie mama yako.”

Mama alimpa peremende, na mimi akanipa moja.

“Ukiniogopea tena,” alisema, “njoo uniambie mimi.”