Nyanya Zenye Kitako Cheusi

"Nani kamwagilia hapa tena?"

Hilo ndilo lililokuwa neno la kwanza la Mama Pacha asubuhi nyingi za kiangazi kile. Alilisema akiwa amesimama nyuma ya jiko, ndoo ya maji mkononi, macho kwenye matuta ya nyanya. Udongo ulikuwa umelowa chapachapa kabla hata hajaiinamisha ndoo.

Mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikuwa bandani akimkamua ng'ombe na kumgombeza. Mumewe, Baba Pacha, alikuwa mbele ya nyumba kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, akiziba pancha. Pacha wenyewe, wasichana wawili ambao hawajaanza shule, walikuwa wakigombania kigoda kimoja wakati kingine kipo wazi pembeni. Jua lilikuwa limetoka punde tu, na tayari kuku walitembea midomo wazi kwa joto.

Mama Pacha akayarudisha maji kwenye pipa. Alikuwa ameyateka kisimani mwenyewe, kabla hakujapambazuka vizuri. Alihisi kuchoka na siku ndiyo kwanza inaanza.

Bustani ile ilikuwa yake. Angalau ndivyo alivyoambiwa. Mvua zilipoisha, Bibi alimwonyesha kile kipande cha ardhi akamwambia, "Chukua hapo, mwanangu. Panda unachotaka." Mama Pacha hakuamini masikio yake. Tangu aolewe, kila alichokishika kilikuwa cha mtu mwingine. Jembe la Bibi, ng'ombe wa Bibi, kibanda cha mume. Alilima matuta, akanunua miche, akaipanda, akaisimikia vijiti. Miche ikashika, ikatoa maua, na watu wa nyumbani wakaanza kuipenda bustani. Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana kila mmoja aliipenda kwa namna yake.

Bibi alimwagilia jioni. Alichukua kopo akanyunyiza maji juu ya majani, kidogo kidogo, mstari kwa mstari. "Majani nayo yana kiu," alisema.

Baba Pacha alimwagilia mchana, siku ambazo wateja hawakuja. Alibeba ndoo mbili akazimimina zote kwa mkupuo, udongo ukaruka hadi kwenye suruali yake. "Mtu anasikia kiu saa ngapi?" aliuliza. "Si mchana? Basi na nyanya ni hivyohivyo."

Mama Pacha alimwagilia asubuhi. Kwa hiyo kuna siku nyanya zilinyweshwa mara tatu, udongo ukawa uji. Akigomba, wenzake walinuna na kuacha kabisa. Naye kwa hasira aliacha pia, ili waone. Siku zikapita. Udongo ukapasuka nyufa na majani yakalegea. Kisha kila mmoja akaingiwa na huruma kwa siri, akaenda na maji yake wakati wenzake hawapo. Hakuna aliyemwambia mwenzake, kwa sababu kila mmoja bado alikuwa amenuna.

Basi nyanya zikaanza kuoza.

Mama Pacha aliiona ya kwanza alipokuwa akipalilia. Ilikuwa nzuri ukiitazama kwa juu, kijani na nene. Alipoigeuza, kitako chake kilikuwa na doa kubwa jeusi lililobonyea, kavu kama ngozi ya kiatu. Akageuza ya pili. Nayo hivyohivyo. Alipofika mwisho wa tuta alikuwa ameacha kugeuza. Aliketi chini palepale, jembe limelala pembeni, akawaza ndoo zote alizobeba.

"Ni mbegu mbaya," alisema Bibi alipoonyeshwa. "Mimi nilipoziona tu nilijua."

"Mbona hukusema, Mama?"

"Ningesema ungenisikiliza?"

Baba Pacha alikuja akifuta mikono yenye mafuta kwa kitambaa. Aliitazama ile nyanya, akaitupa kwa kuku. "Haya ni maradhi," alisema. "Sikiliza, Mama Pacha. Ng'ombe anakosa majani kiangazi hiki, na hapa tunapoteza maji bure. Mwisho wa mwezi ujao naletewa mapando ya majani ya ng'ombe. Hizi nazing'oa, napanda majani."

"Unang'oa bustani yangu?"

"Bustani gani? Nyanya zenyewe haziliki."

Mama Pacha alimtazama Bibi, akitumaini kwamba aliyempa kipande kile atamtetea. Bibi alikuwa akihangaika na fundo la kamba ya mbuzi, au alijifanya anahangaika nalo.

Kesho yake mambo yakazidi. Mama Pacha alimkuta mumewe nyuma ya jiko na chupa ya dawa ya zamani isiyo na karatasi wala maandishi. Alikuwa anaitikisa ili aipulize kwenye nyanya.

"Hiyo ni dawa ya nini?"

"Ya wadudu."

"Wadudu gani?"

"Wowote."

"Baba Pacha, watoto wanachuma hapa na kula. Hujui dawa, hujui kipimo, hujui hata huyo mdudu. Irudishe ilikotoka."

"Basi endelea kukaa na uozo wako," alisema mumewe, akaondoka kwa hatua ndefu.

Mama Pacha hakulia. Alikuwa na hasira kupita machozi. Alichuma nyanya mbili zilizooza, akazifunga kwenye pindo la nguo yake, akashika njia kwenda kwa jirani aliyemuuzia ile miche.

Jirani huyo aliitwa Mama Miche. Alikuwa na kitalu kando ya barabara, chini ya paa la makuti. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka mingi katika shamba la mafunzo ya kilimo, na alijua nyanya kama wewe unavyojua njia ya kwenu. Subira yake lakini ilikuwa fupi.

"Umeniuzia mbegu mbaya," Mama Pacha alianza.

"Karibu, jirani. Salamu nayo imeoza?"

Mama Pacha akaona haya. Wakasalimiana vizuri, kisha akafungua pindo. Mama Miche alichukua kisu akaipasua nyanya moja katikati. Aliichunguza, akamwonyesha.

"Umeona mdudu?"

"Hapana."

"Umeona tundu alipoingilia?"

"Sioni."

"Basi si mdudu. Na mbegu haina kosa. Mnamwagilia vipi?"

"Mimi namwagilia asubuhi. Lakini..."

"Lakini nini?"

Mama Pacha akashusha pumzi. "Twende ukajionee mwenyewe. Nikikueleza peke yangu utadhani nasengenya."

Walipofika, Baba Pacha aliacha gurudumu likizunguka hewani akawafuata nyuma ya jiko. Bibi naye alitokea, kwa sababu Bibi hakupenda mgeni aone kitu kabla yake. Mama Miche alichuchumaa kwenye tuta. Alichoma kidole chake chote ndani ya udongo, karibu na shina, akakitoa. Ncha ya kidole ilikuwa na vumbi kavu.

"Juu pamelowa, chini pakavu," alisema. Akahamia tuta la pili, akachoma tena. Safari hii kidole kilitoka na tope. "Na huku ni kinamasi. Nani anamwagilia hapa, na lini?"

"Asubuhi," alisema Mama Pacha.

"Mchana," alisema Baba Pacha.

"Jioni," alisema Bibi.

Walisema kwa pamoja, kisha wakatazamana. Mama Miche alifumba macho kidogo, kama mtu anayesubiri maumivu ya kichwa yapite.

"Jamani," alisema. "Hizi nyanya leo zinafurika, kesho zina ukame. Sasa nisikilizeni. Ndani ya udongo kuna madini ya chokaa. Nyanya inayahitaji ili nyama yake iwe imara. Lakini madini hayatembei yenyewe. Yanasafiri ndani ya maji, yanapanda kutoka kwenye mizizi, yanapita kwenye shina, mpaka kwenye tunda. Kitako cha nyanya kiko mwisho kabisa wa safari hiyo. Maji yakikatika, kitako ndicho kinachokosa. Kinakufa, kinakuwa cheusi."

"Lakini mimi nilitia maji mengi," alisema Baba Pacha.

"Ndiyo. Maji yakizidi, mizizi inakosa hewa. Ikikosa hewa haiwezi kuvuta kitu. Kitako kinakosa tena. Nyanya haitaki mengi leo na kesho hakuna. Inataka ya kutosha, kwa mpango uleule."

"Na mimi ninayenyunyiza majani?" aliuliza Bibi, kidevu juu.

"Mama, majani yakilala na maji usiku kucha, yanaota ukungu. Hayo sasa ndiyo yatakuwa maradhi ya kweli. Na yale maji yako ya kopo hayafiki kwenye mizizi. Yanalowesha juu tu."

Bibi alifikiri kidogo. "Kwa hiyo ugonjwa wenyewe ni sisi."

"Ni nyinyi, Mama. Na hakuna dawa ya chupa inayotibu hilo." Mama Miche aliinuka akijikung'uta magoti. "Bustani hii ni ya nani?"

"Ya nyumba," alisema Baba Pacha.

"Ya kila mtu," alisema Bibi.

Mama Pacha alitazama miguu yake.

"Basi ndiyo maana inakufa," alisema Mama Miche. "Amwagilie mtu mmoja. Asubuhi, kabla jua halijakolea. Amimine chini ya shina, polepole, maji yazame. Kila asubuhi kwanza achome kidole. Udongo ukiwa na unyevu kule chini, aache hadi kesho. Ukiwa mkavu, amwagilie. Halafu tandazeni nyasi kavu juu ya matuta, ziukinge udongo na jua, ila zisigusane na mashina. Nyanya zilizooza zichumeni, hazitapona. Samadi mbichi msiweke. Mkiona zinazokuja ni nzima, mjue mmepatia."

"Na kama wote wanataka kumwagilia?" aliuliza Mama Pacha.

"Wakate nyasi."

Siku ileile walitandaza nyasi. Bibi alizikata kwa mundu huku akilalamika mgongo, Baba Pacha akazibeba, pacha wakazimwaga mahali pasipotakiwa. Mama Pacha alichuma nyanya zote zenye doa, zikajaa karai. Alipoona matuta yalivyobaki na matunda machache, moyo ulimuuma. Na siku za kuletwa mapando zilikuwa zinahesabika.

Kila asubuhi alichoma kidole. Siku nyingine alimwagilia, siku nyingine aliacha. Wiki iliyofuata nyanya nyingine tatu zilitoka na kitako cheusi.

"Nilisema," alisema Baba Pacha kutoka kibandani, bila hata kuinua kichwa.

"Hizo zilikuwa zimeharibika kabla hatujaanza," alijibu Mama Pacha. Alisema hivyo kwa sauti kubwa, lakini hakuwa na hakika. Aliingia jikoni akagombana na sufuria.

Jioni moja alipokuwa akianua nguo, alisikia maji. Alizunguka jiko akamkuta Bibi na kopo lake.

"Mama."

"Nilikuwa napita tu."

"Na kopo?"

"Mwanangu, joto la leo umelionaje? Hizi nyanya zinakufa. Utakuja kunilaumu mimi."

Mama Pacha alikuwa na maneno mengi mdomoni, ya kiangazi kizima. Aliyameza. Alimshika Bibi mkono kwa upole akamchuchumaza kando ya tuta. Alisogeza nyasi. "Choma kidole, Mama."

Bibi alisita, kisha akachoma. Alikiacha humo kwa muda. Alipokitoa, alikisugua na kidole gumba, akakinusa.

"Pana unyevu," alisema, taratibu. "Kwa jua lote hili?"

"Nyasi ulizokata wewe ndizo zilizoyashika maji."

Bibi alimimina maji yaliyobaki kwenye chombo cha kuku, akaenda zake. Kuanzia siku hiyo hakumwagilia tena, ingawa kila siku alionekana akipita kwenye matuta na kuchoma kidole, kisha akiondoka.

Nyanya mpya zilikua. Mama Pacha aliogopa kuzigeuza. Mwishowe aligeuza moja, akaona kitako cha kijani, laini, kisicho na doa. Akageuza ya pili na ya tatu. Alifika mwisho wa tuta akarudi tena mwanzo, kuhakikisha. Kisha zikaanza kuiva, nyekundu mpaka chini, na karai lililobeba uozo likabeba mavuno. Walikula, wakauza, wakampelekea na Mama Miche.

Mwisho wa mwezi ule ukafika, na mapando nayo yakafika. Baba Pacha aliyashusha kutoka kwenye baiskeli, fungu zima, akachukua jembe akazunguka nyuma ya jiko. Alikuwa hajapita huko kwa siku nyingi, kwa kiburi cha mtu aliyekwisha kutoa neno lake. Alisimama akiyatazama matuta. Mama Pacha, aliyekuwa akichuma, alinyanyuka na nyanya mbili mkononi.

Baba Pacha alijikuna kichwa. Akamgeukia mama yake, aliyekuwa ameketi mlangoni pa jiko akipepeta maharage.

"Mama, hiki kipande ulikitoa wewe. Tufanyeje? Nipande hata pembeni hapo, tuta moja tu?"

Bibi hakuinua macho kwenye ungo.

"Unaniuliza mimi?" alisema. "Muulize mwenye bustani. Si huyo amesimama mbele yako?"

Baba Pacha alimtazama mkewe, jembe begani. "Mama Pacha," alisema, "naomba kuuliza."

"Panda kule kando ya ua," alisema Mama Pacha. "Pana nafasi ya kutosha. Na usimwagilie mchana."