Sahihi ya Mshauri

Shingo alishuka ngazi mbili mbili. Kifutio alishuka tatu tatu.

Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Jengo la Mamlaka ya Mabwawa lilikuwa na ghorofa kumi na moja, lifti mbili mbovu, na wafanyakazi waliojibana ukutani, mafaili vifuani, kuwapisha wendawazimu wawili.

Shingo alikuwa mlinzi wa Mshauri. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuwa nayo. Kichwa kilikaa moja kwa moja juu ya mabega. Ghorofa ya tatu akageuka, akachomoa bastola.

Akasimama kulenga shabaha.

Kifutio hakusimama. Alimpamia kifuani, wakabingirika pamoja hadi ghorofa ya pili. Ngumi ya kwanza iliangusha bastola. Ya pili ilimzimisha. Ya tatu haikuhitajika kabisa, lakini Kifutio aliipiga kwa moyo mkunjufu.

Diski ilikuwa ndani ya soksi. Nyeusi, ndogo kama kiberiti.

Kifaa kikakwaruza sikioni.

"Kifutio. Shangazi hapa."

"Diski ninayo."

"Mtu?"

"Anapumua."

"Sasa panda kwenye mkutano. Bila bastola."

Kifutio akapapasa bastola yake, Beretta, kiunoni.

"Nimesema bila bastola, mwanangu." Shangazi alikuwa mkuu wa idara ya ujasusi. Hakuwa shangazi wa mtu, ila kukaripia alijua. "Ukimpiga risasi Mshauri, dada yako atabaki muuaji wa watu arobaini. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Shangazi."

Alielewa vizuri sana. Beretta aliiacha pale pale kiunoni.

Dada yake alikuwa mhandisi wa milango ya bwawa. Mwaka uliopita mamlaka ilinunua akili mnemba kutoka ng'ambo, ikaiita Msaidizi. Msaidizi alipima maji, alipanga zamu, alifungua milango. Aliyeileta ni Mshauri, mtu laini wa suti ya kijivu na tabasamu la kuazima. Dada hakuipinga mashine. Alisema mashine haina neno, ofisi ndiyo inayohitaji fundi. Akaandika kurasa tatu. Kila uamuzi wa mashine uwe na mtu mmoja anayeujibia kwa jina lake. Mfanyakazi yeyote, hata mlinzi wa geti, aweze kuisimamisha. Na kumbukumbu zake zisifichwe.

Bodi ikaziweka kiporo kurasa hizo.

Wiki mbili baadaye milango sita ilifunguka mchana kweupe na bonde zima likaenda na maji. Dada alikufa akihangaika kuifunga kwa mkono. Kumbukumbu ya Msaidizi ikasema Dada ndiye aliyeamuru ifunguliwe. Bodi ikasaini taarifa hiyo kwa dakika nne, ikaenda kula. Miezi mitatu sasa, watu wa mtaani wakimwona mama yake Kifutio wanavuka barabara kumkwepa.

Na leo, saa nne kamili, bodi hiyo hiyo ilikuwa ipitishe Kanuni Mpya za Mshauri. Kwa kisingizio cha kosa la Dada, binadamu asisaini tena chochote. Mabwawa yote yaendeshwe na Msaidizi, na Msaidizi aendeshwe na mabwana wa Mshauri huko ng'ambo. Bila kuleta askari hata mmoja, wangeishika nchi nzima kooni.

Kumbukumbu za kweli zilikuwepo, ila zilifungwa kwa vitu viwili: diski, na sahihi ya Mshauri mwenyewe. Diski imepatikana.

Sahihi je?

Ghorofa ya tano, chooni, Kifutio alivaa tai, miwani na kitambulisho cha karani wa mikutano. Karani halisi alikuwa ameambiwa na watu wa Shangazi apumzike nyumbani, naye hakuuliza mara mbili. Makabrasha kumi yalisubiri kwenye toroli, kila moja kurasa mia moja na arobaini. Kifutio alichomoa kurasa tatu za mwanzo za kila kabrasha, akaweka tatu nyingine.

Za dada yake.

Chumba cha mkutano kilinukia rangi ya viatu na kiyoyozi kibovu. Wajumbe tisa, chupa tisa za maji, simu tisa zilizofichwa chini ya meza. Bodi hii ilikuwa na mazoea yake: Mwenyekiti, mzee mstaafu mwenye sauti nzito, huuliza "Tumesoma?" nao huitikia "Tumesoma" kama watoto wa darasa la kwanza. Hakuna aliyewahi kusoma. Dada alikuwa akiwaigiza nyumbani mpaka mama anashika mbavu.

Mshauri peke yake ndiye aliyekuwa makini. Alilipima kabrasha mkononi, akamtazama karani.

"Wewe mgeni?"

"Nimehamishwa kutoka masjala, mheshimiwa."

Mshauri akageukia kompyuta yake. "Msaidizi, kabrasha la leo liko sawa?"

"Liko sawa," spika zikajibu. "Kurasa mia moja na arobaini, kama ulivyotuma jana."

Msaidizi alikuwa amelisoma la jana. Karatasi za mezani hakuwa ameziona. Lakini Mshauri aliridhika, maana kwa muda mrefu alikuwa akiwauzia watu imani kwamba mashine haikosei, mpaka akajiuzia na yeye.

"Tumesoma?" akauliza Mwenyekiti.

"Tumesoma."

"Tunaafiki?"

"Tunaafiki."

Mshauri akatoa kalamu yake ya Parker. Akasaini kwa mbwembwe.

Kifutio alichukua kabrasha lililosainiwa, akalipitisha kwenye skana. Diski akaichomeka.

"Nimepokea Kanuni Mpya," Msaidizi akasema. "Ukurasa wa tatu unaagiza kumbukumbu zote zifunguliwe. Nafungua."

Mshauri aliruka kutoka kitini. "Zima! Zima hicho kitu!"

"Ukurasa wa pili: mfanyakazi yeyote wa mamlaka anaweza kunisimamisha. Wewe si mfanyakazi wa mamlaka."

Mjumbe mmoja akacheka, kisha akajuta.

"Amri ya kufungua milango sita," Msaidizi akaendelea. "Saa nane na dakika nne mchana. Imetolewa na Mshauri, kutoka kompyuta yake. Jina lake limefutwa na la mhandisi kuandikwa dakika tisa baadaye. Mhandisi alijaribu kunisimamisha mara kumi na saba. Sikuruhusiwa kumsikiliza."

Mara kumi na saba.

Hilo Kifutio hakulijua.

Mshauri alikimbilia mlango. Hakufika. Mkono wake ulipindwa mgongoni, kifundo kikalia, uso ukabamizwa mezani na mdomo wa Beretta ukakaa nyuma ya sikio lake. Wajumbe tisa waliingia chini ya meza kwa mpangilio mzuri kuliko mkutano wowote waliowahi kufanya.

"Si mimi! Ni mfumo!" Mshauri akapiga kelele.

"Kifutio," Shangazi aliita. "Nisikilize, mwanangu."

Kifutio alikichomoa kifaa sikioni, akakitosa kwenye glasi ya maji.

Alitaka kufyatua. Alitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani.

Mshauri akafumba macho. "Maliza basi," akanong'ona. "Fanya haraka."

Kidole kikasita.

Kumbe anataka! Risasi moja, na anaondoka chumbani kabla ya kuulizwa swali hata moja. Si mahakama, si wajane wa bondeni, si mama yeyote wa kumtazama usoni. Kifutio alishusha bastola, akamfunga pingu kwenye mguu wa meza, mkono ule uliovunjika, na hakuharakisha.

Mwenyekiti akatoa kichwa chini ya meza. "Kijana, sisi hatukujua..."

"Mlisaini."

"Tuliletewa tu..."

"Mzee, dada yangu aliwaletea kurasa tatu. Tatu tu! Leo mtazisoma, kwa sauti. Mkimaliza, someni majina ya waliokufa, yote, na mumsomee huyu sikioni. Mashine inarekodi nani anasoma na nani anaitikia tu."

Alifunga mlango kwa ufunguo kwa nje. Sauti nzito ya Mwenyekiti ilianza kusoma.

Kwenye ngazi Kifutio alipiga simu. Mama alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Mama, jina la dada limesafishwa. Watatangaza leo leo."

Mama alilia kidogo. Akavuta kamasi, akakohoa.

"Na yule?"

"Yuko hai, Mama. Nisamehe."

"Akili zake ziko timamu? Anasikia vizuri?"

"Timamu kabisa."

"Basi Mungu ampe umri mrefu," mama akasema, na kukata simu.

Kifutio akavaa miwani ya jua, akawaachia ufunguo polisi waliokuwa wakipanda wakihema, akaenda zake.