Futi Iliyoshonwa kwa Mkono

Jua lilikuwa linaaga, na fundi alibakiwa na kazi moja ya siku hiyo: kumpima binti yake gauni la shule. Nguo za watoto wa watu zilikwishapigwa pasi, zimetundikwa ukutani kwa safu. La mwanawe lilikuwa bado kitambaa. Ndivyo walivyo mafundi, na usiwacheke, maana hata wewe una jambo la nyumbani unalolipiga danadana tangu mwezi uliopita.

Mtaani walimwita Mara Mbili. Hakuwahi kukata kitambaa kwa kipimo kimoja. Alipima, akaandika kwa chaki, akapima tena, na vipimo visipooana alirudia mpaka vioane. Wateja walimtania kwamba hata chumvi anaipima mara mbili kabla ya kuitia chunguni. Alicheka tu. Hakuna nguo yake iliyowahi kurudishwa.

Asubuhi hiyo shoga yake alikuwa amemletea zawadi.

Walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza, wakaolewa mwaka mmoja, wakazaa mabinti wiki moja. Binti wa shoga alikufa kwa homa mwaka jana. Wa fundi alikuwa hai, miaka saba sasa, anakula, anakimbia, anavunja vikombe. Mtoto wa pekee, baada ya mimba tatu zilizotoka. Shoga hakuwahi kusema neno juu ya hilo, na fundi, kwa ubwege wa watu wenye bahati, alidhani ukimya ule ni kusamehe.

Zawadi yenyewe ilikuwa futi ya kupimia. Si ya dukani. Utepe wa pamba, umeshonwa kwa mkono, inchi kwa inchi, tarakimu zimetariziwa kwa uzi mweusi mwembamba sana. Kwenye thelathini na tisa, ambacho ndicho kiuno cha fundi, palitariziwa boga. Kwenye ishirini na mbili, pale futi yake ya zamani ilipoanza kufutika akawa anakadiria kwa macho miaka miwili, palikuwa na mkasi mdogo na maneno: *Hapa hakuna kubahatisha.*

Fundi alicheka mpaka akashika meza.

"Boga! Wewe mwanamke una laana."

"Ni lako, usilikane," alisema shoga yake.

"Umeshona muda gani?"

"Miezi. Jioni zangu sina wa kumwogesha."

Fundi aliacha kucheka. Alimkumbatia, na machozi yakamtoka kwa haya na kwa upendo. Nani mwingine duniani angekumbuka kwamba futi yake imefutika kwenye ishirini na mbili?

"Ila uanze na mwanao," shoga alimnong'oneza sikioni. "Asitangulie mwingine."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, mpenzi."

Basi jioni hiyo alimsimamisha binti mbele ya meza ya kukatia. Alipokunjua futi, harufu ilimfika puani. Poda ya watoto wachanga. Aliishangaa kidogo, akaipuuza.

Begani hadi gotini: ishirini na saba. Akaandika.

Akapima tena.

Ishirini na tano.

"Simama wima, mama."

"Nimesimama."

Ishirini na mbili. Kidole chake kilikuwa kimeangukia penye mkasi.

Fundi alisonya. Kitu cha kushona kwa mkono bwana, kitakuwa kinavutika. Alikilaza kwenye rula ya chuma iliyopigiliwa mezani. Inchi kwa inchi vililingana, hata unywele haukuzidi. Kumbe mtoto ndiye anayejikunja.

"Unachezacheza."

"Sichezi, mama. Nasikia baridi."

Akampima kifua. Akampima kifua tena. Akampima kiuno, mara mbili, mara tatu, kwa sababu hesabu haziwiani na fundi mwenye jina lake halali na hesabu zisizowiana. Alikuwa ameshika kalamu mdomoni, macho kwenye utepe, hamtazami mtoto. Huo ndio ugonjwa wa kazi yake. Mafundi huutazama mwili kwa vipande.

Rula ya chuma ilikuwa imemwambia kweli, naye akaisikia vibaya.

"Mama..."

Sauti ilitoka chini sana.

Fundi akaangusha macho. Gauni alilomvalisha asubuhi lilikuwa limejikusanya sakafuni. Ndani yake kilisimama kitoto cha kimo cha mwaka mmoja na nusu, chenye uso wa miaka saba na meno yake mawili ya mbele yaliyoota mwezi uliopita. Na mikono...

Mikono hakuwa ameipima.

Ilikuwa ileile ya asubuhi. Ilining'inia kutoka kwenye mabega yale madogo, ikapita magoti, ikafika chini, na vidole vilikuwa vinapapasa saruji.

Fundi alimwokota mtoto. Alimfunga kwenye kitambaa cha gauni, akaitia futi kifuani, akatoka mbio. Nyumba ya shoga yake ilikuwa mtaa wa pili, na njia nzima mikono ile mirefu ilimzunguka shingo mara mbili. Mtoto hakuwa na uzito wowote wa kusema.

Mlango ulikuwa wazi. Taa imewashwa. Mezani sahani mbili, moja ya bati, ya mtoto. Shoga alikuwa amekaa anakunja nguo ndogo, hakunyanyuka.

Nyuma ya pazia la chumbani palikuwa na sauti ya miguu mitupu. Inakwenda, inarudi. Inajaribu.

Taf. Taf. Taf.

"Umempima mara ngapi?" aliuliza shoga, kwa upole.

"Mfanyie kitu mwanangu. Naanguka miguuni pako..."

"Mara ngapi?"

"Nane."

Shoga alitikisa kichwa, akatabasamu kwa namna ya mtu aliyeshinda mchezo ambao tangu mwanzo alijua atashinda.

"Fundi mwingine angepima kila mahali mara moja, nami ningepata kidole na unyusi. Ningezunguka mji mzima. Nikajiambia, zawadi mpe anayejua kuitumia."

Pazia lilicheza. Kikatoka kinong'ono ambacho fundi alikijua, maana kilikuwa kikimwita *mama mdogo* tangu kilipojifunza kusema.

"Mama, bado mikono."

Fundi akakaa sakafuni na mzigo wake. Harufu ya poda ilijaa chumba, na chini yake palikuwa na harufu nyingine, ya udongo mbichi.

"Uzi ule si uzi," alisema fundi.

"Ni nywele zake. Nilizikata kabla hawajamfunika. Futi inachukua kwa anayepimwa, inampelekea mwenye nywele." Shoga alikunja kijigauni, akakilaza juu ya vingine. "Nani alinifundisha, hilo lisikuhusu. Nilimlipa kwa kitu ambacho sikihitaji tena."

"Tumekula sahani moja miaka yote hii!"

"Na kwenye mazishi ulikuja na mwanao umemshika mkono. Ukamkalisha mbele yangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, shoga. Sasa tunaelewana."

Fundi angemrukia. Angemnyonga, na mikono ya fundi ina nguvu. Lakini kile kilicho kifuani pake kilipumua mara moja, kikakaa, kikakaa... kikapumua tena.

"Anarudi?" aliuliza. "Niambie anarudi."

"Anarudi. Fumua nywele za wangu, tarizi kwa za wako. Kuna fundo la kufungia kila tarakimu, bila fundo hilo ni utepe tu. Fundo ninalijua mimi."

"Nionyeshe."

"Mikono kwanza."

Taf. Taf. Miguu ilisimama nyuma ya pazia, karibu kabisa.

Fundi alimtazama binti yake usoni. Mtoto alikuwa macho, ameelewa kila neno, kwa maana akili yake ya miaka saba haikuwa imepimwa na mtu. Alinyoosha mkono wa kulia mwenyewe. Alikuwa mtoto mtiifu.

"Haitauma?" aliuliza.

"Haitauma," alisema mama yake, akadanganya, hakujua.

Bega hadi kifundo. Mtoto akauma mdomo. Fundi akaishusha futi, akidhani yameisha.

"Mara mbili," alisema shoga. "Na kushoto pia. Usiniharibie kazi, wewe si wa kubahatisha."

Walipomaliza, shoga alimkalisha mwenzake mezani, wakaweka taa katikati, akamfundisha fundo, wakafumua na kutarizi pamoja mpaka alfajiri. Alimfundisha kwa uvumilivu, kama walivyofundishana kusuka nywele utotoni. Chumbani mtoto alikuwa anacheka na kupiga makofi, anaijaribu mikono yake mipya.

Fundi hakuyasikiliza makofi yale. Alikuwa anahesabu: inchi ngapi kimo, ngapi kifua, ngapi kila mkono. Akazihesabu tena. Hazikuwa nyingi sana, ukizigawa vizuri.

Asubuhi alifungua duka mapema kuliko siku zote. Chumba cha nyuma, alimomlaza binti yake, alikifunga kwa kufuli. Shule zilikuwa zinafunguliwa kesho yake, na wale wazazi wa dakika ya mwisho, ambao kila muhula aliwagombeza mpaka wakaona haya, walikuwa wamekwishajaa barazani na watoto wao, wanajitayarisha kuomba radhi.

Mwaka huu hakuwagombeza. Aliwakaribisha wote. Aliwaambia wazazi kama wana haraka wakafanye shughuli zao, watoto watakuwa salama. Macho yake yalikuwa mekundu, wakadhani ni kazi, wakampa pole, wakaondoka wakisema hakuna fundi mwenye moyo kama huyu.

Akakunjua futi. Akawatazama watoto, kumi na wawili, mmoja baada ya mwingine, toka utosini hadi kisiginoni.

"Pangeni mstari," alisema. "Warefu watangulie."