Mkutano Usioandika Majina

Kila asubuhi nilikama ng'ombe, nikawasha moto, nikapikia mtoto uji. Mtoto ni Chepkoech, miaka mitatu. Mama yake, Jemutai, alikufa pamoja na mtoto akijifungua wa pili. Tulingoja gari la hospitali mpaka jua likazama. Siku hiyo magari ya serikali yalikuwa yamebeba wakubwa kwenda kuhutubia watu juu ya Uhuru.

Baada ya kumzika, nilianza kunywa sana. Mwaka huo, 1968, watu wetu walikuwa wananunua shamba la mzungu upande wa Kaptagat. Mambo ya shamba yalizungumzwa kwenye chungu cha busaa, pombe yetu ya nafaka. Wanaume wanakaa kwa duara, kila mmoja na mrija wake mrefu, na komiti ya kununua shamba iko hapo hapo. Usipokaa kwa chungu, hujui shamba limefika wapi. Basi nilikaa. Busaa ikiisha, napitia chang'aa, ile kali ya kukoroga kwa siri. Chifu alikataza chang'aa, lakini sisi tulijua yake ya kunywa inatoka wapi.

Siku moja adhuhuri nilirudi nimelewa, nikalala kando ya moto. Nilishtuliwa na kilio. Chepkoech alikuwa ameangukia makaa. Nilijaribu kusimama. Miguu ilikataa. Aliyemvuta ni mama mkwe wangu, Mama Jepkosgei, aliyekuwa amekuja kumwona mtoto.

"Ulimzika binti yangu," aliniambia. "Huyu hutamzika. Mwezi ukiisha nitakuja. Nikikuta pombe, ninamchukua, na hutamwona tena."

Tulimpeleka mtoto dispensari mjini Eldoret. Sista Adero, muuguzi wa hapo, alimfunga mkono, kisha akaangalia mikono yangu.

"Mzee, ukikaa siku mbili bila pombe, mwili unafanyaje?"

"Natetemeka, Sista. Jasho. Naona wadudu kwa ukuta."

"Basi usiache ghafla ukiwa peke yako. Mtu anaweza kushikwa na kifafa, hata afe. Daktari akuone kwanza."

Nililazwa hospitali siku tano. Mtoto alikaa na nyanya yake. Nilipotoka, nyanya alinirudishia mtoto mpaka mwezi uishe, naye Sista Adero akaniambia:

"Dawa imetuliza mwili tu. Ukirudi kwa chungu, utaanza tena. Kuna watu hukutana kila Alhamisi saa kumi, chumba cha nyuma ya kanisa. Wote walikuwa wanakunywa kama wewe. Wanasaidiana kukaa bila pombe."

"Chifu anajua?"

"Chifu anaingia wapi?"

"Sista, nchi hii hakuna mkutano bila mtu wa chifu. Nikisema nilikunywa chang'aa, kesho niko ndani. Na komiti itafuta jina langu kwenye orodha ya shamba."

"Hawaandiki majina. Ya kule hayatoki nje. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, usikilize."

"Wakubwa hujua kila kitu."

Alicheka. "Wakubwa hawajui hata kwamba bandeji zimeniishia! Watajua wewe umekaa wapi?"

Alhamisi nilipita mlango wa chumba hicho mara tatu. Mwishowe niliingia, nikakaa kwenye benchi karibu na mlango, nipate kukimbia. Kulikuwa na watu saba na birika la chai.

Mara akaingia mtu wa nguo za kaki. Nilimjua. Joash, askari wa chifu, yule aliyepiga chungu chetu teke akitafuta chang'aa, na kuwakokota wazee kwa kola. Nilisimama.

"Kaa, mzee," alisema.

"Afande, mimi nimepotea njia tu."

Watu wakacheka. Joash pia.

"Hata mimi nilisema hivyo siku ya kwanza. Hapa hakuna afande." Alivua kofia, akakaa. "Naitwa Joash. Ile chang'aa niliyokamata, niliinywa. Nilimvunja mke wangu mkono. Sasa ni miezi minne sijaonja. Jana nilitamani sana. Nikaenda kwa ndugu yangu huyu niliyekaa naye, tukanywa chai mpaka hamu ikapita."

Niliuliza: "Mimi hamu ikinishika nifanye nini?"

"Usikae peke yako," alisema mama mmoja. "Kula kitu. Njoo kwa mmoja wetu. Usifikirie mwaka mzima. Maliza leo."

"Na habari za shamba nitazipata wapi?"

"Nenda kwa karani wa komiti asubuhi," Joash alisema, "kabla chungu hakijafunguliwa. Asubuhi hata komiti ina akili."

Walicheka tena. Ndipo nikasema: "Mimi ni Kimeli. Mtoto wangu aliungua, na mimi nilikuwa hapo." Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeshika kalamu.

Nilirudi Alhamisi ya pili, na ya tatu. Asubuhi nilienda kwa karani. Jina langu lilikuwepo.

Mwezi ulipoisha, Mama Jepkosgei alikuja na shuka la kumbebea mtoto. Kwetu mama mkwe hamkaribii mkwe wake. Siku hiyo alinikaribia mpaka usoni.

"Pumua."

Nilipumua. Nilikuwa sijaonja, lakini niliogopa kama mwizi. Alinusa mara mbili, kama mtu anayepima maziwa. Chepkoech alikuwa nyuma yangu, ameshika suruali yangu kwa mkono wenye kovu.

"Ni chai," alisema taratibu. Akakunja shuka. "Nitakuja tena, na sitasema siku gani."

"Njoo, Mama. Lakini Alhamisi saa kumi hutanikuta."

Aliondoka peke yake.