Mtoto wa Kuazima Mizanini

Katika kambi yetu ya wachimbaji hapa Élisabethville, mwaka 1938, asubuhi ya Alhamisi ilikuwa njema kama sikukuu. Tuliwaogesha watoto, tukawapaka mafuta, tukaenda nao kwenye nyumba ya mizani iliyo kando ya hospitali. Kila mtoto alikuwa na karatasi yenye jina lake. Muuguzi Désiré alimpima, na mtawa tuliyemwita masere akaandika uzito. Aliyepungua alipelekwa kwa daktari siku hiyohiyo. Nyumba ile ilijengwa kwa kazi hiyo, akina mama: kumtambua mgonjwa kabla nguvu hazijamwishia.

"Mama Edouard, huyu mutoto yako anakula posho yote ya baba yake!" wenzangu walinitania, nami nikacheka.

Jirani yangu Adolphine hakucheka. Mwanawe Donat, wa miezi minane, alikuwa akiharisha, na Alhamisi iliyotangulia masere alimkemea mbele ya wote: "Mama muvivu! Akipunguka tena, nitaita bwana yako ku biro." Mumewe, Anaclet, aliiogopa biro, ofisi ya wakubwa wa kambi, kuliko baruti.

Mwanangu alipokwisha kupimwa, Adolphine alinivuta nyuma ya ukuta.

"Dada, uniazime Edouard. Mara moja tu. Nitamupimisha kwa jina ya Donat."

"Na Donat mwenyewe?"

"Iko na dawa ya mama mukwe. Atapona."

Nilimhurumia. Tulimbadilisha Edouard nguo na kofia. Watoto walikuwa zaidi ya mia. Désiré hakuinua macho. Masere alitabasamu: "Unaona? Mama akitaka, anaweza."

Mara moja ikawa mara tatu. Karatasi ya Donat ilipanda, naye Donat akakauka.

Alhamisi ya nne hakuweza hata kulia. Adolphine akambeba mwenyewe mpaka mizanini. Désiré alisoma karatasi, akamtazama mtoto.

"Hapa wameandika kilo nane. Huyu haifiki tano. Huyu mutoto ni ya nani?"

"Ni Donat."

"Donat nilimupima juma iliyopita. Mama, usituchezee. Rudi, ulete Donat."

Naam, wasomaji wangu: mama alikuwa na mwanawe mikononi, akaambiwa akamlete. Nikapita mbele ya mstari mzima na Edouard wangu.

"Masere, tulikosa. Ule wa mara tatu ni huyu wangu."

Daktari aliitwa. "Kuhara kulianza lini?"

"Mwezi muzima," Adolphine alijibu.

"Juu ya nini haukusema?" daktari akamuuliza sababu.

Adolphine akamtazama masere. Masere aliitazama karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, wala safari hii hakumkemea mtu. Walimpa Donat maji kwa kijiko, akayatapika, wakamchoma sindano. Sisi tulikaa sakafuni, hatuna la kufanya. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, alikufa.

Mafunzo

Akina mama, mpelekeni mtoto kama alivyo, mchafu au mkondefu, siku ile ile mnapoona dalili. Mizani haikuwekwa ili imhukumu mama, bali ili imwite daktari. Nanyi majirani, kumsaidia mwenzenu kuficha ugonjwa si huruma. Mimi nilimsaidia, na mwanangu yu hai. Nanyi mnaoshika kalamu, msimwaibishe mama mbele ya watu: mkimtisha atawaletea uongo, nanyi mtauandika kwa wino mzuri.