Mtani wa Dirishani

Saa tatu asubuhi, siku ya kura ya maoni, kinongonezi, kisanduku chenye kioo na sauti, kilichobandikwa kwenye dirisha la jiko la Mama Eufrasia Ngonyani, mjini Songea, kiliwaka taa ya kijani na kusema kwa lafudhi ya Kihehe: "Mngoni, umeamka? Au panya wa ghalani umeshawamaliza?"

"Kanywe supu ya mbwa huko kwenu Iringa!" alijibu bibi huyo, akacheka mpaka akashika kiuno.

Mhandisi Atukuzwe Kihwele, aliyekuja kukagua mtambo, hakucheka. Yeye ndiye aliyeubuni. Kila mzee nchini alikuwa na kinongonezi chake; kilichunguza asili yake, kikajivika sauti ya mtani wake. Utafiti ulionyesha kuwa wazee hupuuza matangazo, lakini neno la mtani hulipokea. Mtani hukutukana mchana kweupe, na siku ya msiba wako ndiye anayeshika jembe.

"Leo wanauliza kuhusu ukomo wa bei za dawa," kiliendelea kinongonezi. "Bei ikifungwa, huenda dawa yako ya presha ikapotea madukani. Shauri yako."

Sentensi hiyo nayo ilikuwa ya Atukuzwe. Watengenezaji wa dawa walikuwa wameiagiza. Alijaribu sentensi mbili. Ya kwanza ilisema ukweli: katika mikoa ya majaribio bei ilishuka na dawa hazikuadimika. Walioisikia hiyo, wachache tu walisema HAPANA. Hii ya hofu iligeuza wengi wakaukataa ukomo, na neno "huenda" liliiepusha na mahakama.

Mama Eufrasia alikata kidonge kwa wembe, nusu akairudisha kichupani.

"Mbona nusu, Mama?" aliuliza Atukuzwe.

"Ndiyo ninayoimudu, mwanangu." Akamtazama. "Kumbe nawe ni Mhehe, kwa lafudhi hiyo! Mtani wa nyama na damu. Hebu niambie, kweli zitapotea?"

Mkataba ulimkataza kujibu, na kinongonezi kilikuwa kinasikia. Akainamia mtambo kama anayetafuta hitilafu.

"Msikilize mtani wako, Mama."

"Basi yameisha. Mhehe akinidanganya, atanizika nani?"

Akabonyeza gumba kwenye kioo cha kinongonezi. Neno HAPANA likatokea, kisha likazimika.

"Kura imepokelewa," kilisema kinongonezi.

Mama Eufrasia akammiminia mgeni wake chai. Atukuzwe aliipokea kwa mikono miwili, macho sakafuni.