Plagi Juu ya Meza

Umeme ukikatika mtaani Buyenzi, watu hawashangai. Wanashangaa ukikaa siku nzima. Ruqaya alikuwa amezoea. Aliuza juisi ya maracuja, yaani pasheni, na maji baridi mlangoni kwake, na friji yake ndogo aliitunza kama mgonjwa. Aliifungua upesi, akaifunga upesi, akaomba umeme urudi kabla barafu haijayeyuka.

Mume wake, Shakuru, alikuwa fundi redio. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa karakana yake. Redio, spika, amplifaya za msikitini na za maharusi, zote zilipita mikononi mwake. Wateja walitoka Kamenge, wengine walitoka mbali, Ruziba. Walimpenda kwa sababu alikuwa fundi hodari, na kwa sababu hakuwa mtu wa maneno mengi.

Uchochoro wao ulikuwa na desturi moja. Umeme ukikatika, Shakuru hakuchomoa kitu. Aliacha chombo kimoja kimewashwa, sauti juu kabisa. Umeme ukirudi, chombo kilipiga kelele na majirani wote wakajua. Mwenye pasi alikimbilia pasi, mwenye simu alikimbilia chaja. Ruqaya aliipenda desturi hiyo kuliko wote, kwa ajili ya friji yake.

Ubaya ni kwamba mara nyingi chombo hicho ndicho Shakuru alichokuwa anakitengeneza. Alikifungua mgongo, akakiacha kimechomekwa, kisha akaendelea kuingiza vidole ndani. Alisema umeme si haupo?

"Baba Anouar, na courant ikirudi ghafla?" Ruqaya aliwahi kumwuliza. Wao umeme huuita courant.

"Mi na courant tunajuana," Shakuru alijibu akicheka. "Inanipiga tangu niko kijana. Inanipiga kidogo, inaniachia. Ni salamu tu."

Ruqaya naye alicheka. Mafundi wote aliowajua walisema hivyohivyo. Wengine walipima waya kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeonja mchuzi, kisha wakajisifu.

Asubuhi moja umeme haukuwepo. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, na maji yalikuwa yameingia karakana. Kandambili za Shakuru zililowa, akazivua. Alikaa miguu mitupu ndani ya maji, mbele ya amplifaya kubwa ya chuma. Mkono wa kushoto ulishika kasha lake la chuma. Mkono wa kulia ulikuwa ndani, unavuta waya.

Amplifaya ilikuwa imechomekwa. Tena haikuchomekwa pale karakana, kwa sababu soketi ya karakana ilikuwa imeungua zamani. Fundi wa watu hakupata nafasi ya kutengeneza soketi yake mwenyewe! Waya mrefu ulipita chini ya pazia mpaka chumba cha kulala, nyuma ya kitanda.

Ruqaya alikuwa uani anakamua maracuja. Ghafla akasikia friji inanguruma.

"Alhamdulillahi! Baba Anouar, wameleta!" akaita.

Hakujibiwa. Amplifaya nayo haikutoa sauti. Akaita tena. Kimya. Akaenda, akafunua pazia.

Shakuru alikuwa amekaa wima, amekakamaa. Mikono ilitetemeka na meno yalikuwa yameumana. Macho yalikuwa wazi, yanamtazama mkewe, lakini kinywa hakikuweza kusema. Mikono yake haikuachia ile amplifaya.

Ruqaya alipiga yowe, akamkimbilia amvute.

"Usimuguse!"

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Namegabe, jirani yao aliyepanga chumba upande wa pili wa uchochoro. Alikuwa mtu wa Bukavu, na kazi yake ilikuwa kutia umeme katika majumba. Alikuwa anapita na ngazi begani.

"Usimuguse, Mama Anouar! Itakukamata na weye! Fishi iko wapi? Chomoa fishi!"

Fishi ndiyo plagi. Ruqaya alisimama. Mume wake alikuwa mbele yake, angeweza kumfikia kwa kunyoosha mkono tu. Ilimbidi ampe mgongo na kukimbia. Hakuna jambo lililomwia gumu kama hilo maishani mwake.

"Pangusa mikono kwanza!" Namegabe alimfuatia kwa sauti.

Ruqaya alijipangusa maji ya maracuja kwenye kitenge huku anakimbia. Akasukuma kitanda, akaishika plagi kwenye plastiki yake, akaichomoa. Kule karakana akasikia kishindo. Shakuru alikuwa ameanguka.

Aliporudi alimkuta Namegabe amepiga magoti, amemlaza Shakuru ubavu na kuweka sikio karibu na pua yake.

"Anapumua," akasema. "Asante Mungu, anapumua. Angekuwa hapumui, tungemulaza chali, tumukandamize apa katikati ya kifua, nguvu na haraka haraka, bila kuacha, mupaka apumue ao mupaka muganga afike."

Majirani walijaa. Mama Kaltum, jirani wa ukuta kwa ukuta, alifika na kikombe cha maziwa. Mwingine alibeba ndoo ya maji.

"Mumumwagie, moto wa courant utoke," alisema mwenye ndoo.

"Apana!" Namegabe akamzuia. "Courant haibaki ndani ya mutu. Maji ndiyo inaileta vizuri, munaweza kuumia wote. Na maziwa, Mama Kaltum, asante, lakini mutu hajaamka vizuri. Itamupalia."

Mama Kaltum alirudisha kikombe chake. Hakukasirika.

Shakuru alifumbua macho. Aliangalia watu, akaangalia amplifaya.

"Niko muzima," akasema kwa sauti ndogo. "Niacheni nimalize kazi."

"Utamaliza siku ingine," Namegabe akajibu. "Courant imepita ku roho. Mutu anaweza kusimama, anakunywa chai, alafu nyuma roho inapiga vibaya. Twende hospitali directement, sasa hivi." Kwao moyo ndio huitwa roho.

Kupata gari kulikuwa kazi, petroli siku hizo ilikuwa ya shida, lakini walipata. Hospitalini walimbandika nyaya ndogo kifuani wasome mapigo ya moyo. Walimpima mkojo pia. Vidole viwili vilikuwa vimeungua. Daktari alimweleza Ruqaya kwamba jeraha la umeme linaweza kuwa dogo nje na kubwa ndani. Akaamuru Shakuru alale pale, aangaliwe mpaka kesho.

Ruqaya alikaa kando ya kitanda. Aliogopa sana. Alijiona mjane, akamwona Anouar, mtoto wao, anarudi kutoka shule na kumwuliza baba yuko wapi. Akajikasirikia pia. Kwa ajili ya maji ya barafu alikuwa anafurahia kelele ya vyombo vilivyoachwa vimechomekwa.

Shakuru alipona. Mkono ukiwa bado na bandeji, Namegabe alikuja kuwatembelea.

"Ile siku ilikuwa bahati mbaya," Shakuru alimwambia. "Courant ilikuwa imenizoea."

"Courant haizoee mutu, fundi. Zamani ulikuwa na viatu kavu. Unagusa na kidole kimoja, inakusukuma, unatoka. Ile siku ulikuwa miguu mu maji, mukono moja ku chuma, mukono moja ku waya. Iliingia mukono uyu, ikatokea uyu. Katikati kuna nini?"

Shakuru aligusa kifua chake.

"Kuna roho," Ruqaya akasema.

"Voilà. Na ikishakukamata, inafunga vidole. We unataka kuachia, vidole vinakataa. Mutu hodari, mutu muzembe, wote sawa."

Shakuru aliangalia bandeji yake. Alikumbuka. Alikuwa ameviamuru vidole vyake vifunguke, na havikumsikia. Jambo hilo hakuwa amemwambia mtu.

"Sasa nifanye nini?" akauliza. "Niache kazi? Mi sijue kazi ingine."

"Nani amesema uache? Badilisha tu namna ya kuifanya. Mbele ya kufungua chombo, fishi toa ku ukuta, weka apa, juu ya meza, mbele ya macho yako. Usiseme nimezima kibonye, kibonye kinadanganya. Usiseme nazani nimeitoa. Uione! Courant iko, courant aiko, fishi inakuwa ku meza."

"Na kondasateri?" Ruqaya aliuliza. Alikuwa amesikia mume wake akivitaja vile vikopo vidogo vilivyomo ndani ya vyombo.

Namegabe alitabasamu. "Mama Anouar, utakuwa fundi. Ile vikopo vinaweka courant ata kama fishi imetoka. Unangoya kidogo, alafu unavimwaga na ampuli ya taa ya zamani yenye waya mbili zilizofunikwa vizuri. Usivimwage na bisibisi. Alafu unapima na mashine ya kupimia, apana na kidole."

"Na kama lazima nipime courant ikiwa ndani?" Shakuru aliuliza. Sasa alikuwa anasikiliza kweli.

"Viatu kavu, ubao mukavu chini ya miguu, mukono moja tu. Ule mwingine weka mu mufuko. Na usikuwe peke yako. Mutu akuwe karibu, anayejua fasi ya kukatia courant."

"Mi nitajua courant imerudi namna gani?" Ruqaya akauliza. "Friji yangu je?"

"Tutaweka taa ku ukuta. Taa ikiwaka, umejua. Chombo kilichofunguliwa si kengele."

Walianza kazi hiyo pamoja, Shakuru akitumia mkono mzima. Walibadilisha soketi iliyoungua na kuutoa ule waya wa chumba cha kulala. Walifunga taa ndogo ukutani. Karibu na mlango waliweka swichi moja kubwa ya kukata umeme wote wa karakana, na Anouar naye alifundishwa kuikata. Namegabe aliongeza swichi nyingine ambayo hujikata yenyewe umeme ukipotea njia na kupita kwa mtu.

"Lakini iyi nayo haiko malaika," alionya. "Ukishika waya zote mbili, inaweza kukuona kama wewe ni ampuli. Fishi ku meza, fundi."

"Ndiyo, ndiyo," alisema Shakuru.

Ruqaya alimjua mumewe. Alijua pia ile "ndiyo, ndiyo" ya mtu anayetaka wageni waende. Wiki za kwanza alichungulia kila mara, na kila mara plagi ilikuwa mezani. Lakini hakuwa na uhakika. Mtu akichunguliwa hujitengeneza. Je, siku ya haraka itakuwaje, mteja akimsimamia?

Siku hiyo ilifika. Sylvère, mtu wa Kamenge anayekodisha muziki wa maharusi, alikuja kuchukua amplifaya yake. Harusi ilikuwa jioni ileile. Amplifaya ilikuwa bado wazi juu ya meza, na umeme haukuwepo. Ruqaya alikuwa nyuma ya pazia anakata malimau.

"Fundi, mbona fishi iko apa?" Sylvère alisema. "Tia ku ukuta! Courant ikirudi tutasikia palepale kama inalia. We endelea kazi."

Ruqaya alisimamisha kisu. Angeweza kutoka na kusema neno, lakini alijizuia. Alitaka kujua mume wake atasema nini bila yeye.

"Apana," Shakuru akasema. "Fishi inabaki apa."

"We, fundi mukubwa namna iyi, unaogopa courant?"

"Naiogopa," Shakuru akasema. "Naiogopa sana."

Nyuma ya pazia, Ruqaya aliweka kisu chini. Hakuwa amewahi kusikia fundi akisema hivyo, achilia mbali huyu wake.

Sylvère alisonya. Kabla Shakuru hajamzuia, aliinama, akaingiza mkono ndani ya amplifaya.

"Angalia, aiko kazi kubwa. Ni hiki tu, hiki chenye waya..."

Taa ya ukutani ikawaka.

Sylvère aliitazama taa. Kisha akatazama kidole chake, kilichokuwa bado kimegusa waya. Kisha akatazama plagi. Ilikuwa imelala mezani, karibu na kikombe cha chai.

Alitoa mkono polepole. Akaugeuza huku, akaugeuza huku, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichodhani kimepotea. Shakuru alimvutia kiti, naye akakaa.

"Una watoto?" Shakuru alimwuliza.

"Wawili," alisema Sylvère. "Fundi, chukua muda wako. Harusi itaningoya."

Shakuru alichukua bisibisi yake. Plagi ilibaki palepale, naye akaendelea na kazi.

Ruqaya alijifunika uso kwa kitenge, akalia kwa furaha wala hakujali kama wanamsikia. Alipomaliza kulia alinawa uso, akajaza glasi mbili za juisi, akazipeleka karakana.